Siku moja maishani mwangu: macho yanapojifunza kutoka kwa mikono na miguu

Saa 1:30 asubuhi

Nafanya kazi ya tiba kwa vitendo kwa watoto, yaani nawasaidia kumudu shughuli za kila siku kwa kuzitenda, na siku yangu huanza kwa kupunguza vitu. Mikeka natandika, mipira naifungia kabatini, midoli naifunika shuka. Ukutani hakuna picha hata moja. Wageni huona chumba kimepooza mno kwa chumba cha watoto, ila wengi wanaoletwa hapa shida yao ni kutenga kitu kimoja katikati ya vingi. Kumwonyesha mtoto wa namna hiyo mpira mbele ya ukuta uliojaa michoro ni kumchosha kabla hatujaanza.

Saa 2:00

Anaingia mtoto wa miezi saba aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati. Kwanza namwambia mama yake kwamba hesabu yetu inaanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa, kwa hiyo tumtazame kama wa miezi mitano. Anashusha pumzi palepale.

Mtoto mchanga huona vizuri zaidi kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni, karibu sawa na umbali wa uso wa anayemnyonyesha. Huyu ameshavuka hapo. Napitisha njuga polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Macho yanaifuata, yanafika katikati, yanaipoteza, kisha yanaruka kuidaka upande wa pili. Namlaza kifudifudi, kitambaa kilichokunjwa kikiwa chini ya kifua. Kichwa kinainuka, kinayumba, kinatulia kidogo. Macho hayawezi kufuata kitu sawasawa kama shingo inayoyabeba haijakaza, ndiyo maana naanzia mabegani. Mkono wa kulia unatoka, unaikosa njuga, unarudi tena na kuigusa.

“Mama, nyumbani mlaze hivi akiwa macho, dakika chache chache, na wewe ukiwa naye hapo chini.”

Saa 3:30

Baba amekuja na mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili ambaye bado hatembei. Ana wasiwasi, na kwa hilo namtoa hofu: vipimo vya Shirika la Afya Duniani vinaonyesha watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na 17 na ushei. Nikimpima mtoto, misuli yake ina nguvu na anasimama akishikilia kitu. Ninalomwomba baba ni kuachana na kigari cha kutembelea ambamo mtoto anashinda. Canada ilipiga marufuku uuzaji wa vigari hivyo mwaka 2004 kwa sababu ya majeraha. Mimi nina sababu nyingine juu ya hiyo.

Mwaka 1963 watafiti Richard Held na Alan Hein waliwafunga paka wachanga wawili wawili kwenye chombo kimoja kinachozunguka. Mmoja alitembea kwa miguu yake, mwenzake alibebwa kwenye kikapu. Wote wawili walipitishiwa mbele ya macho mambo yaleyale. Baadaye aliyetembea alikwepa ukingo wa shimo na kunyoosha miguu kabla ya kugusa meza, lakini aliyebebwa hakufanya hivyo. Kupitishiwa vitu mbele ya macho hakukumtosha. Mtoto anayetambaa chini ya meza, akajigonga, akarudi nyuma na kujaribu upande mwingine, anajifunza umbali na ukubwa kwa mwili wake mwenyewe.

Saa 5:00

Hii ndiyo saa ninayoisubiri. Mvulana wa miaka saba, shuleni ameitwa mvivu. Akinakili ubaoni anapotea mstari, na herufi b na d anazibadilishana.

“Lakini macho yalipimwa, wakasema hayana tatizo,” mama yake anasema.

Kweli hayana. Bango la herufi linapima ukali wa macho tu, yaani kama anaiona herufi ndogo iliyo mbali. Kuitofautisha na pacha wake, kuikumbuka, kuipata tena katikati ya nyingine arobaini na kuamrisha vidole viichore, hiyo ni kazi ya ubongo, na ndiyo inayomlemea. Kugeuza herufi peke yake si ugonjwa, kwani watoto wengi hufanya hivyo hadi kufikia miaka saba. Ninachotazama ni mambo mengine yanayoambatana nako.

Nampa umbo la almasi anakili. Kwa kawaida duara huja karibu na miaka mitatu, msalaba minne, mraba na pembetatu karibu na mitano, na almasi kati ya sita na saba, kwa sababu mistari ya mshazari ni migumu kuliko yote. Anachora mstari wa kwanza, anasita, halafu anazungusha karatasi ili wa pili nao ashuke nao kwenda chini. Anapofika katikati ya karatasi anahamisha penseli kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Kona zinatoka kama masikio. Analiangalia umbo langu, anaangalia lake, anafuta kwa nguvu mpaka karatasi inachanika.

Penseli naiweka pembeni. Nabandika almasi kubwa sakafuni kwa utepe, na tunaitembea kisigino kwa kidole. Kwenye kila kona namsimamisha aniambie anageukia wapi. Kisha anaichora ukutani kwa chaki, mkono mzima ukivuka kutoka kushoto kwenda kulia bila kubadilishana na mwenzake, halafu kwa kidole kwenye sinia ya mchanga. “Kumbe hapa inarudi ndani!” anasema akiwa kwenye kona ya tatu. Karatasi hatuigusi tena leo. Mtoto akishachukia penseli, kumrudishia kila dakika ni kumwongezea chuki.

Saa 7:00 mchana

Chakula, na kuandika taarifa za asubuhi.

Saa 8:00

Msichana wa miaka minne anayelia akivalishwa nguo yenye mshono mgumu na kuziba masikio mlango ukifungwa. Hapa nafuata mawazo ya A. Jean Ayres, mtaalamu wa Marekani aliyeweka msingi wa nadharia ya muunganiko wa hisi, yaani jinsi ubongo unavyopanga pamoja mguso, sauti na mwendo wa mwili. Wataalamu wanabishana kuhusu nguvu ya ushahidi wa mbinu zake, na naona wana haki. Ndiyo maana sihesabu mafanikio kwa jinsi anavyofurahia bembea yangu. Nahesabu kama ameweza kufunga vifungo vya shati lake na kuoga bila kilio.

Saa 9:30

Mtoto mwenye jicho vivu, yaani jicho moja lisiloona vizuri kama mwenzake, kibandiko juu ya lile lenye afya. Daktari wa macho amemwandikia saa mbili kwa siku ili ubongo ulazimike kulisikiliza jicho uliloanza kulipuuza. Wakati kibandiko kipo, mimi namtungisha shanga. Leo tumehamia zenye tundu dogo.

Saa 11:00 jioni

Simu ya mzazi anayetaka karatasi zaidi za mazoezi. Namwomba asiongeze. Mtoto akamue nguo, afungue vifuniko, amwage maji kutoka kikombe hadi kikombe, apande na kushuka. Vidole na macho vitapata kazi ya kutosha humo.

Kisha barua kwa mwalimu wa yule mvulana. Naomba akae mbele, apewe daftari la miraba, afunike kwa karatasi mistari ambayo hajaifikia, na apewe maneno ya ubaoni yakiwa yameandikwa karibu naye. Naongeza kwamba ninaomba neno mvivu lisitumike tena kwake, na naeleza kwa nini.