Mwaka wa nyongeza haukuwa wa bure

Ukimwambia mzazi wa Uasin Gishu, Kenya, kwamba mwanawe amepata skolashipu ya kukimbia Marekani, husikia jambo moja tu: mtoto ameshafika. Hakuna anayemwambia habari za saa. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku Marekani, kilikuwa kinampa mwanariadha wa daraja la kwanza miaka mitano, na ndani ya miaka hiyo misimu minne ya kushindana. Saa ilianza kuhesabu siku ulipojisajili chuo chochote kama mwanafunzi wa muda wote, hata kama chuo chenyewe kilikuwa Eldoret. Wapo vijana waliokuja kuligundua hilo wakati mwaka mzima umeshakwenda.

Mimi nilikimbia, nikamaliza, sasa ni nesi. Corona ilipoingia, aliyekuwa bado anahesabiwa ni binti wa shangazi yangu, mwaka wa nne, katika chuo kimoja cha Magharibi ya Kati.

Tarehe 12 Machi 2020 NCAA ilifuta mashindano yote ya ubingwa yaliyobaki ya majira ya baridi na ya machipuko. Wakimbiaji wa mbio za ndani walikuwa wameshafika Albuquerque, New Mexico, kesho yake waingie uwanjani. Wakafunga mabegi wakarudi. Tarehe 30 mwezi huohuo uamuzi ukatoka: wa michezo ya machipuko warudishiwe msimu wao na saa yao isogezwe mwaka mmoja. Wa michezo ya baridi, pamoja na wale wa Albuquerque, hawakurudishiwa msimu ule.

Kwa mkimbiaji wa masafa marefu hesabu hiyo ni kituko. Mbio za nyika ni za vuli, za ndani ni za baridi, za uwanja wa nje ni za machipuko, na kila moja ina misimu yake. Binti wa shangazi akajikuta amerudishiwa mita 10,000 za nje, ilhali nyika na mbio za ndani ameshamaliza. Kwa hiyo Septemba hadi Machi angefanya mazoezi na timu ambayo hawezi kuikimbilia.

Na NCAA iliruhusu tu, haikuahidi kumlipia mtu. Kila chuo kiliachiwa kiamue: mpe mwanariadha wa mwaka wa mwisho skolashipu ileile, au pungufu, au usimpe kitu. Vyuo vya Ivy League, yaani Harvard, Yale na wenzao, vilikataa wanafunzi wa uzamili kushindana. Kwake yeye kocha alitoa nusu.

Nusu si haba kwa Mmarekani anayeweza kurudi kulala kwa wazazi na kufanya kazi dukani jioni. Mwenye visa ya F-1, ile ya mwanafunzi, kwa kawaida hufanya kazi ndani ya chuo tu, mwisho saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Tena fomu ya I-20, ile ya chuo inayothibitisha uanafunzi wako, inafuata masomo, haijui mambo ya mbio. Shahada ya kwanza ikiisha una siku 60: uanze masomo mengine, uombe kibali cha kufanya kazi mwaka mmoja katika fani uliyosomea, au uondoke. Ukichukua kazi, huna tena haki ya kukimbia kwa sababu wewe si mwanafunzi wa muda wote. Kuondoka nako kulikuwa na lake, maana ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa Kenya mwishoni mwa Machi hadi 1 Agosti.

Alikuwa na sababu nzuri ya kuchagua kazi. Wadogo zake walisubiri karo, na nyumbani ilikuwa imeshaeleweka kwamba mwaka huo ndio anaanza kutuma pesa. Hata hivyo akaamua kubaki akimbie, akapiga simu kueleza.

"Kwani umefeli?" shangazi akauliza.

"Sijafeli, mama. Nimeongezwa mwaka."

"Anayeongezwa mwaka ndiye aliyefeli."

Nilijaribu kuingilia, nikaambiwa wanaume wa ukoo huu wanajua kutetea uvivu. Kilichotuokoa ni Profesa George Magoha. Julai 2020, akiwa waziri wa elimu, alitangaza kwamba mwaka ule wa masomo umepotea kwa shule za Kenya. Mdogo wa binti wa shangazi, wa kidato cha pili, naye akawa mtu wa kurudia, na mjadala ukafa wenyewe.

Dada mtu akaingia uzamili, akafanya kazi maktaba, akakimbia.

Lakini mwaka ule haukutoka hewani. Agosti 2020 wa michezo ya vuli nao wakaongezewa msimu, Oktoba wa baridi. Kwa kifupi, msimu wa 2020 hadi 2021 haukuhesabiwa kwa mtu yeyote, hata aliyekuwa mwaka wa kwanza. Timu ya riadha ya wanaume wakati huo ilikuwa na skolashipu 12.6 kugawa kati ya wote, ya wanawake 18. Wakubwa wa mwaka wa mwisho walitolewa kwenye hesabu kwa muda, ila hawa wadogo wangebaki wakila sahani zao mwaka zaidi. Kocha mwenye mkimbiaji wa miaka 23 anayemjua ataleta vipi kijana wa Iten asiyewahi kumwona?

Naamini kuwarudishia msimu ilikuwa haki. Tarehe 15 Machi 2021 Mercy Chelangat wa Alabama, Mkenya, alishinda ubingwa wa nyika huko Stillwater, Oklahoma, mbio ambazo zilipaswa kukimbiwa Novemba, nami nilishangilia nikiwa kazini hadi mgonjwa akaniuliza kulikoni. Ninacholalamikia ni kwamba foleni ya waliokuwa wakisubiri kuja haikutajwa. Jirani yetu alikuwa ameshafanyiwa harambee ya nauli. Ubalozi ukasimamisha visa za kawaida, na ulipofungua, kocha akamwandikia kwamba nafasi imejaa. Hakukuwa na kosa lake popote.

Hatimaye alipata chuo cha miaka miwili huko Texas, skolashipu ya karo tu, chakula ajitegemee. Waliochanga harambee bado wanamuuliza baba yake ni kwa nini alikwenda akiwa amechelewa.