"Hakuna, Mama"

Jana jioni binti yangu kaleta daftari ya shule, jina lake lote kaliandika kwa herufi ndogo, mwalimu kalizungushia kalamu nyekundu. Nikaangalia ile duara mpaka chai ikapoa, akili iko Sake, mji mdogo karibu na Goma, Kongo, mwezi wa tano 2021.

Ya volkano mnayajua. Nyiragongo ilitapika jumamosi usiku tarehe 22, alhamisi ya 27 wakatuambia tuhame Goma, barabara ya Sake ikajaa watu na magodoro juu ya chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, watoto wakapotelea humo humo. Sisi tulikuwa vijana watatu na mashine moja, tunaandika watoto waliookotwa ndani ya MongoDB, ghala la data la kompyuta, programu ya kuandikia niliitengeneza mimi, usiku mmoja.

Akaja mama mmoja, kitenge cha kijani kimejaa vumbi, mguu mmoja una kandambili, wa pili mtupu. Anatafuta Espérance, miaka sita. Nikaandika vizuri kabisa, E kubwa mbele, zingine ndogo, na kialama chake juu ya é. Nikabonyeza. Sifuri.

"Hakuna, mama."

"Angalia tena, papa. Alivaa robe ya njano."

Nikarudia neno lile lile. Sifuri. Hakulia. Aliinama karibu na kioo, akaweka kidole pale pale kwenye jina, kikaacha doa la majivu, akakaa hivyo kitambo kirefu na watu nyuma yake wanasukumana. Kisha akasema aksanti papa, akarudi barabarani na wale wanaoenda Minova.

Saa moja ya usiku nikapitia listi kwa macho. ESPERANCE, miaka sita, robe ya njano. Mwenzangu aliandika kwa herufi kubwa, vile tumezoea kujaza fomu huku kwetu, bila kialama. Mashine inalinganisha herufi kwa herufi, kwake yule na Espérance wangu ni watu wawili! Nikajaribu regex, yaani kutafuta kwa mfano wa herufi, na chaguo la i, ikakubali esperance, ukiweka é inakataa, maana i inasamehe ukubwa wa herufi tu, na tena indeksi, ile orodha ya kutafutia haraka, haiisaidii sana, inachambua majina yote. Dawa ni kolesheni, kanuni za kulinganisha maandishi, imo MongoDB tangu toleo la 3.4 la 2016: lugha fr (Kifaransa), nguvu, yaani ukali wa kulinganisha, 1, hapo ukubwa na vialama vyote havihesabiwi, nguvu 2 ingesamehe ukubwa peke yake. Indeksi iundwe nayo, na kila swali liitaje ile ile, la sivyo indeksi haitumiki. Nikaiweka usiku ule ule kwa mwanga wa telefone, mikono inatetemeka.

Mama hakuacha namba. Asubuhi nikapanda pikipiki mpaka Minova, nikauliza kanisani, shuleni, sokoni. Niliporudi mtoto hayupo, kuna mwanamke alikuja kumchukua, mtoto akamkimbilia.

Nikauliza, alikuwa na kandambili moja?

Mwenzangu hakuangalia miguu.