Ghafla ya Maskati

Mwaka wangu wa kwanza Maskati, Kiarabu changu kilikuwa cha madrasa ya Tanga: nasoma vizuri, lakini maana ya maneno siijui. Ijumaa moja khatibu akawa anarudia neno ghafla, ghafla, nami nikadhani anazungumzia mauti yanayomjia mtu ghafla. Nilitoka msikitini nimejaa hofu.

Aliyenifumbua macho ni bibi jirani yetu hapa Al Khuwair, mzaliwa wa Unguja, mmoja wa wale waliohamia Oman baada ya 1970 na Kiswahili chao hakijachuja. Alikuwa kabandika maziwa ya chai jikoni.

"Siyo, mwanangu. Kwa Waarabu ghafla ni huku kughafilika. Moyo umelala nawe u macho."

Hajamaliza, maziwa yakafurika, yakazima moto wa gesi. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta jiko. "Ndiyo haya sasa. Nimeghafilika."

Kumbe ghafla yetu na kughafilika ni ndugu wa baba mmoja! Kwa Waarabu neno hasa linamsema mtu; sisi tumelichukua likasema tukio. Twasema maziwa yamefurika ghafla, na muda wote yalikuwa yakipanda polepole mbele ya macho yetu.

Tunalo pia "sina habari", na wengi huyachanganya haya mawili. Asiye na habari, jambo halijamfikia. Aliyeghafilika limemfikia, akaliacha lipite. Ndiyo maana Aya ya 205 ya Suratul Aaraf inakataza kuwa miongoni mwa walioghafilika.

Baba alipofariki, jamaa walinipa pole wakisema, "Ulikuwa mbali, hukuwa na habari." Habari nilikuwa nayo. Mara tatu kwenye simu nilimsikia akikohoa katikati ya salamu. Mara ya tatu aliiweka simu pembeni mpaka kikohozi kikapita, akarudi kuniuliza joto la huku likoje. Nami nikamjibu habari za joto. Tanga na Maskati zinapishana saa moja tu. Ningeweza kumpigia kila jioni.

Nilimweleza bibi haya yote. Hakunibembeleza.

"Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Basi saa hizi hajalala." Akanisogezea simu yangu iliyokuwa juu ya meza, akaenda kubandika chai.