Sinia letu na upawa mmoja wa wali: nilivyoishusha sukari yangu

Mimi napika mahamri na mbaazi hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa 17 sasa. Saa tisa na nusu usiku niko macho nakanda unga, na adhana ya alfajiri hunikuta karai limeshashika moto. Ndiyo maana nilipoambiwa nina kisukari cha aina ya pili, nilichosikia mimi ni kwamba kazi imekwisha.

Kilichonipeleka kupima ni mafuta ya moto. Yaliniruka kiganjani, na kidonda kilichotakiwa kukauka kwa wiki moja kikafika wiki ya tano bado kibichi. Nilikuwa na kiu isiyokatika, usiku naamka kukojoa mara nne, tano. Zahanati ya kwanza wakanipima sukari asubuhi kabla sijala: 12.8, kwa kipimo cha milimoli kwa lita ya damu (mmol/L). Mtu mzima asiye na tatizo la sukari kwa kawaida huwa chini ya 5.6, na ikifika 7.0 na kuendelea, kipimo kikirudiwa, ndiyo hesabu ya mgonjwa. Nikapewa vidonge na kikaratasi: usile wali, usile chapati, usile muhogo, usile nazi, kula dona. Basi. Dakika tano haziishi niko nje.

Nikala dona. Asubuhi uji wa dona, mchana ugali wa dona, usiku ugali wa dona, tena wa kushiba maana niliambiwa ndiyo dawa. Wiki tatu baadaye nikapima: 13.1. Nililia pale pale kwenye benchi. Hakuna aliyeniambia kwamba dona nayo ni wanga. Makapi yake yanasaidia, ni kweli, lakini bonge likiwa kubwa sukari itapanda tu. Hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu nawasikia wengi wakirudia neno lile lile: "Mgonjwa wa sukari ale dona."

Baadaye nikaelekezwa kwenye kliniki ya kisukari, na huko nikamkuta sista aliyenibadilishia maisha. Hakuanza na marufuku. Aliniuliza, "Mama, kesho kutwa njoo na sahani unayolia nyumbani." Nikamwambia, "Sista, sisi hatuli kwenye sahani. Tunakula sinia moja, watu sita." Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi njoo na sinia."

Nikalifunga kwenye kanga, nikapanda nalo bajaji. Akaliweka mezani, akachukua chaki akanichorea upande wangu, kama kipande cha keki. Nusu ya kipande kile akaandika mboga. Robo, samaki au maharage. Robo iliyobaki, wali au ugali au muhogo, chochote tulichopika siku hiyo. Akanifumbatisha ngumi: "Wanga wako ni kiasi hiki. Samaki ni upana wa kiganja, bila vidole." Akanieleza kwamba kongosho langu bado linatoa insulini, ila mwili unaikaidi, na miaka ikienda kongosho nalo linachoka. Kwa hiyo wanga mwingi kwa mkupuo unaulemea mwili wangu hata kama ni wa dona, na wanga kidogo unabebeka hata kama ni wali. Nilihisi mzigo umenitoka kifuani.

Nyumbani nikajaribu vyombo kimoja kimoja. Upawa wetu wa kifuu, ule mdogo wa kupakulia mchuzi, ukijazwa wali bila kilima unalingana kabisa na ngumi yangu. Ukawa ndio kipimo. Mume wangu mwanzoni alitaka nipakuliwe pembeni, kwa huruma tu, nami nikakataa. Kula peke yangu na watoto wangu wako pale, hapana. Tukapanga hivi: mboga nyingi zinalundikwa upande wangu, wali wangu unawekwa upawa mmoja, na mkono wangu hauvuki mpaka. Mtoto wa mwisho ndiye mlinzi, na hana upendeleo.

Ila kilichonifundisha zaidi ni mashine ya kupimia. Vijiti vyake ni ghali, siwezi kujitoboa kila siku, kwa hiyo sista akanipa mbinu: kila wiki chagua chakula kimoja, pima kabla ya kula, pima tena saa mbili baada ya tonge la kwanza. Mimi lengo langu lilikuwa kati ya 4 na 7 kabla, na chini ya 10 baada. Naandika kwenye daftari la mahesabu ya biashara, ukurasa wa nyuma.

Wiki ya bada sitaisahau. Bada ni ugali wa muhogo, na Mtanga ukimnyima bada na samaki wa nazi umemnyima Tanga yenyewe. Nilipokula bonge langu la zamani, mashine ilisoma 14.6. Ijumaa yake nikala ngumi moja, samaki wa kuchoma kutoka soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga, na mchunga mwingi. Ikasoma 9.2. Bada ile ile, jiko lile lile. Shoga yangu akashangilia, "Mchunga huo! Uchungu unakata sukari." Nami niliamini hivyo, mpaka sista aliponieleza kwamba uchungu haufuti utamu ndani ya damu. Mchunga umenisaidia kwa sababu ni majani, una nyuzinyuzi, na ulichukua nafasi ya bonge. Mchicha au mnavu ungefanya kazi hiyo hiyo. Anayeacha vidonge akanywa mwarobaini namwomba sana arudi kliniki.

Kosa langu kubwa nililifanya mwezi wa pili. Nilikuwa nakunywa metifomini pamoja na glibenklamaidi, vyote vidonge vya kushusha sukari, na kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Nikataka namba nzuri, nikameza dawa asubuhi nikaacha kula. Saa tatu, karai liko mbele yangu, mikono ikaanza kutetemeka, jasho la baridi, maneno hayatoki. Mwanangu akanipima: 3.1. Ashukuriwe Mungu alikuwa amehudhuria somo pamoja nami. Alinikorogea vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, akasubiri dakika 15, akapima tena, 4.7, ndipo akanipa chakula. Nawaza angekuwa hajui. Glibenklamaidi inaweza kuishusha sukari kupita kiasi ukiimeza bila kula, na mafuta yanachemka hatua moja kutoka nilipokuwa. Tangu siku ile ndugu mmoja lazima aende nami kwenye mafunzo.

Kazini nimegundua jambo ambalo kikaratasi kile kisingeliona: nilikuwa naonja. Hamri moja kujua kama limeiva, moja kujua hamira, jingine na chai ya vijiko vitatu, na kabla ya saa mbili asubuhi nimeshakula matatu bila kuhesabu. Sasa anayeonja ni binti yangu. Mimi natengewa bakuli la mbaazi na hamri moja dogo, chai ya tangawizi na iliki bila sukari. Mbaazi sikuziacha, zinapandisha taratibu na zinashikilia tumbo. Tui nimelipunguza uzito kwa ajili ya moyo na kilo zangu. Machungwa ya Muheza nakula moja, kwa meno, na nyama zake. Juisi nimeiacha, maana glasi moja inameza matatu au manne.

Baada ya miezi sita kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, kilitoka asilimia 10.4 kikaja asilimia 7.3. Daktari akaniondolea glibenklamaidi. Kidonda kilipona kitambo, na miguu naikagua kila usiku.

Harusi bado zinanisumbua. Pilau ya harusini inakuja na sinia la watu nisiowajua, upawa wangu sinao, na kukataa ni kumvunjia mwenye shughuli heshima. Jumamosi iliyopita nilikula mboga na samaki nyumbani kwanza, nikafika nikachukua matonge machache na kachumbari nyingi, na tulipotoka mimi na mume wangu tukatembea hadi nyumbani badala ya kupanda bajaji, kama nusu saa hivi. Mara ya mwisho pilau ilinipa 13.8. Safari hii 10.9. Nimeiandika kwenye daftari, na mwezi ujao tuna harusi mbili.