Kofia ya Babu

Leo ni 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Asubuhi mama kalitoa sanduku la babu uvunguni, kaianika kofia yake ya jeshi juani kama afanyavyo kila mwaka. Utepe wa ndani umekatika na una doa la jasho. Mama hataki ifuliwe, na mimi namwelewa.

Babu alikwenda vitani mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Utotoni tulikuwa tunambana atusimulie Kampala ilivyoangushwa, 11 Aprili 1979. Yeye alituhadithia matope tu, na rafiki yake aliyekuwa akimwachia nusu ya sigara. Huyo hakurudi.

Kabla hajafariki tulimpeleka Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Mkongojo aliukataa getini (aliuchukia kuliko uzee wenyewe). Akapita mstari kwa mstari, akasimama mbele ya kaburi moja, akapiga saluti. Mkono ulitetemeka, lakini hakuushusha upesi. Kisha akatoa sigara mfukoni, akaikata katikati, akaacha nusu pale.

Babu aliacha kuvuta kabla mimi sijazaliwa.