Kumtafuta Clara kwenye kifuniko cha jagi

Treni ya kutoka Amsterdam ilitushusha Den Haag kabla ya saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa ya rasharasha, na hadi tunafika jumba la sanaa la Mauritshuis viatu vilikuwa vimeshalowa. Shangazi ameishi Uholanzi miaka mingi lakini hakuwahi kuingia humo. Alikuja kwa ajili yangu tu.

Wageni wengi walikuwa wakimkimbilia yule binti wa hereni ya lulu, aliyechorwa na Vermeer. Sisi tulipita. Nilichokifuata ni kijipicha kisichofika hata nusu mita upana: jibini, lozi, tini, zabibu kavu na biskuti za kusokota, alivyovichora Clara Peeters wa Antwerp mnamo 1615 hivi.

"Mwanangu, tumetoka mbali hivi kuja kutazama jibini?"

Nikamwomba asogee. Juu ya jibini pamekaa kisahani cha kaure ya Kichina chenye siagi iliyokwanguliwa ikajikunja, unaona kabisa mikwaruzo. Shangazi ni mtu wa Lamu, kaure hahitaji kuelezwa. "Hiki kwetu kingekaa kwenye zidaka za ukutani," akasema, na kuanzia hapo hakuwa tena na haraka.

Nikamweleza ninayoyajua. Zama zile haikuwa heshima mwanamke kujifunza kuchora kwa kutazama mwili mtupu, na asiyejua mwili angewezaje kuchora zile picha kubwa za Biblia na za vita? Clara akashika kuchora meza na vilivyo juu yake. Akaijua meza kuliko wanaume wengi waliomzunguka. Kumbukumbu za maisha yake zilizosalia ni chache mno, na Jumba la sanaa la Prado la Madrid lilipomwandalia maonyesho yake mwaka 2016, alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa nafasi hiyo pale. Mimi naona walichelewa sana.

Ila jina lake yeye mwenyewe hakulificha. Ukingoni mwa meza kuna kisu cha fedha, na ubavuni mwake limechorwa: CLARA PEETERS.

"Sasa tazama kifuniko cha lile jagi, Shangazi."

Akavaa miwani. Kifuniko ni cha bati, kinang'aa, na ndani ya ule mng'ao mna kivuli cha uso wa mwanamke aliyevaa kitambaa cheupe kichwani, mdogo kama punje ya mchele. Shangazi akanyamaza kitambo, kisha akaweka mkono kifuani.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Shikamoo, mama," akamwambia.