Maikrowevu ilikuwa inapiga cheche, sasa imetulia

Kwa wiki mbili maikrowevu yetu hapa Kirumba ilikuwa ikipiga cheche kila nikipasha sato, na harufu ya kuungua juu. Nikabadilisha bakuli, nikahamia soketi nyingine. Wapi!

Jana nikachomoa waya, nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Kwenye ukuta wa kulia kuna kipande chembamba cha kijivu, kama karatasi ngumu; miaka yote nilidhani ni urembo. Kumbe ni maika, kinga ya tundu linalopitisha mawimbi kwenda kwenye chakula. Cha kwangu kilirukiwa na mafuta ya samaki, na kona moja imegeuka mkaa, doa dogo kama punje ya mtama. Mkaa hupitisha umeme. Cheche zilianzia hapo.

Kufuta hakukutosha. Nikanunua karatasi ya maika mjini, nikailaza ile ya zamani juu yake, nikachora, nikakata kwa mkasi, nikapachika. Kazi yote inafanyika kwa ndani tu. Bodi la nje msifungue jamani, kapasita, kile kifaa cha kuhifadhi umeme, hubaki na umeme wa kuua hata waya ukichomolewa.

Leo mchana nimepasha sato, nimemfunika nikiacha upenyo wa mvuke. Kimya kabisa.